Niliandika "eschew" kumwambia bosi nimekosa kikao. Naombeni mnieleweshe hili neno

#1 Kijana wa Kimara

Wakuu habari za jioni. Nina aibu yangu hapa, nichekeni kwanza halafu mnisaidie.

Jumanne mvua ilianza saa tisa usiku na mpaka kunakucha haijapumua. Mimi natoka Kimara, ofisi iko Posta. Mwendokasi ikafika Magomeni, ikasimama, dereva akazima injini. Hakuhitaji kusema kitu. Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa. Watu wakashuka, wenye haraka wakapanda boda za kuzungukia Kinondoni na Selander, ambazo bei yake asubuhi hiyo ilikuwa imepanda kuliko maji yenyewe. Mimi nikajibanza chini ya mwamvuli wa muuza magazeti, suruali nimekunja hadi magotini, viatu mkononi. Kikao kilikuwa saa mbili kamili. Saa mbili na nusu bado nipo pale pale nasoma vichwa vya habari bure.

Nikatoa simu nimwandikie bosi. Ofisini kwetu barua pepe ni Kiingereza tu, hata ya kuomba karatasi za printa. Nikaandika: "I missed this morning's meeting because of the floods at Jangwani." Nikaisoma, nikaona hiyo "missed" ni Kiingereza cha darasa la tano. Nina programu ya visawe kwenye simu. Nikagusa "miss", ikanipeleka "skip". Nikagusa "skip", ikanipeleka "avoid". Kufika "avoid" ikanimwagia gunia zima: shun, evade, dodge, abstain, eschew. Hilo la mwisho sikuwahi kuliona maishani. Nikasema hili ndilo lenyewe, lina sura ya mtu mwenye shahada mbili. Nikatuma: "I eschewed this morning's meeting because of the floods at Jangwani."

Nimefika ofisini saa tano. Bosi wetu ni mama mtu mzima, msomi wa zamani, hana makelele. Akaniita, akanigeuzia kompyuta nione sentensi yangu, akaniuliza taratibu kwa Kiswahili: "Kwa hiyo mwanangu, vikao vyangu umeviwekea mwiko?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Sikuandikiwa barua wala nini. Lakini tangu siku hiyo nikichelewa hata dakika tano wenzangu wananiita Bwana Eschew, na wao hata kulitamka hawajui, wanasema "ishu".

Ninachotaka kujua: kosa liko wapi hasa, wakati kamusi yenyewe imeandika maana yake ni "avoid"? Na Kiswahili chake ni kipi? Maana nikisema "kuepuka" naona bado halijakaa.

#2 Nipo Kwenye Kiti

Nimekaa pale. Wataalamu waje.

#3 Mtu wa Tandika

Ungepanda boda ungewahi kikao na huu uzi usingekuwepo. Tatizo lako siyo Kiingereza, ni ubahili.

#4 Kijana wa Kimara

Mkuu tarehe ishirini na sita unajua mwenyewe hali ya mfuko inavyokuwa.

#5 Chaki na Ubao

Kijana, karibu. Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo muda ninao.

Tuanze na mdomo. Siyo "ishu". Ni es-chuu, ile "ch" ya chai, na mkazo uangukie mwishoni. Ukisema "ishu", Mwingereza atadhani una tatizo, na mtu wa Manzese atadhani una dili.

Sasa kosa lako. "Miss" haina nia ndani yake. Unakosa basi, unakosa kikao, unakosa penalti, na katika yote hayo hukutaka. "Eschew" yote ni nia. Mtu wa "eschew" anacho kitu mbele yake, anaweza kukichukua, amekipima, kisha amesema mimi na hiki basi. Na kwa kawaida siyo uamuzi wa siku moja, ni mwenendo wake. Ndiyo maana utalikuta limekaa na nyama, pombe, anasa, sifa, vurugu. "Gandhi eschewed violence", hapo neno liko nyumbani kwake. Wewe umeandika, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja la sarufi, kwamba kwa msimamo wako umekikataa kikao cha asubuhi, na msimamo huo umeletwa na mafuriko. Mimi pia ningevua miwani.

Nikupe mfano ulio hai. Baba mkwe wangu ni Yanga. Nyumbani kwake pale Temeke hakuna kitu chekundu. Siku ya harusi yetu mtu alimletea zawadi ya ndoo kubwa nyekundu yenye mfuniko, ndoo nzuri kabisa. Kesho yake asubuhi tukaiona kwa jirani. Kanga za mama mkwe zenye nyekundu hufuliwa na kuanikwa nyuma ya nyumba. Nyanya anakula, lakini ukimbana anasema anazila zikishakuwa mchuzi. Hakuna aliyemkataza nyekundu, haimdhuru, wala haikimbii akiiona njiani. Ameamua tu, miaka zaidi ya arobaini. Mzee yule "eschews red". Hapo hata "avoid" inapwaya.

Sarufi yake ni nyepesi. Linabeba nomino moja kwa moja, "eschew meat", au kitenzi cha -ing, "eschew eating meat". Usiliwekee "to". Usiliwekee "from" pia, "from" ni ya "abstain". Wanafunzi wangu walikuwa wanayachanganya kila mwaka na mimi nachora mstari mwekundu kila mwaka, baba mkwe asijue.

Na halitumiki kwa vitu vya barabarani. Boda anayepinda ghafla kulikimbia shimo, hiyo ni "dodge", au "avoid" kama unaandika ripoti ya bima. Hakuna anaye-"eschew" shimo, labda kama ameweka nadhiri.

#6 Mtu wa Tandika

Mwalimu huyo baba mkwe ni wa kwangu kabisa. Ila kula nyanya ni usaliti.

#7 Sauti ya Tatu

Nilivyoona "mwiko" nikajua bosi anazungumzia ule wa kusongea ugali. Nikasema huyu mama anawapiga wafanyakazi.

#8 Mwanakwaya

Nimelijua hili neno kanisani kabla ya shule. Babu yangu alikuwa na ile Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, na alipenda kuisoma sambamba na ya kwetu ya Union. Neno "eschew" limo mle mara nne: tatu kwenye Ayubu, moja kwenye Waraka wa Kwanza wa Petro.

Ayubu 1:1, Kiingereza kinasema "one that feared God, and eschewed evil". Kiswahili: "mmoja aliyemcha Mungu, na kuepukana na uovu". Angalieni hilo "kuepukana". Siyo kuepuka, ni kuepukana. Huyu na uovu wameachana, kila mmoja kashika njia yake.

Halafu 1 Petro 3:11, "Let him eschew evil, and do good". Kwetu imeandikwa "Na aache mabaya, atende mema". Neno ni lile lile kwa Kiingereza, huku limekuwa "kuepukana", kule "kuacha". Na nikifikiria naona yote mawili ni sawa, maana Ayubu anaelezwa jinsi alivyokuwa siku zote, wakati Petro anawaambia watu waanze.

Kwa mleta uzi: ukisema umekikataa kikao kama Ayubu alivyoukataa uovu, bosi ana haki ya kuuliza.

#9 Kijana wa Kimara

Mwanakwaya nimecheka kwa sauti, konda kanigeukia.

#10 Bin Ilala

Assalaam aleikum. Nimependa alichosema Mwanakwaya, na sisi tuna neno linalokaa hapo hapo. Surat Al-Hujurat aya ya 12, walioamini wanaambiwa "ijtanibuu", wajiepushe na dhana nyingi. Ukilifungua neno hilo la Kiarabu ndani yake kuna "janb", yaani ubavu, upande. Kwa hiyo ni kama kuambiwa kiweke pembeni, wewe upite upande wako.

Na sisi Waswahili tunalo hilo neno tangu zamani bila kulishtukia. "Janibu za Pwani", yaani pande za Pwani. Ni mzizi ule ule.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba dhana huwezi kuikimbia kwa miguu. Iko kichwani. Kwa hiyo amri siyo ya kukwepa, ni ya kuamua kutoifuata. Nadhani ndicho mwalimu anachosema kuhusu nia. Kukwepa ni kwa mwili. Jiwe linakuja unainama, hata mbuzi anakwepa. Mbuzi hawezi kujiepusha.

#11 Mtu wa Tandika

Mbuzi wa jirani yangu anajiepusha na kamba.

#12 Daftari la Hesabu

Mimi ni mhasibu, na kazini kwetu tofauti hii inaweza kumpeleka mtu mahakamani, kwa hiyo siichukulii kama mchezo wa maneno.

Kwa Kiingereza kuna "tax avoidance" na kuna "tax evasion". Ya kwanza ni kupanga mambo yako ndani ya sheria ili kodi iwe ndogo, na hata hapo Kamishna akiona umezidisha ujanja anaweza kukuita mkaulizane. Ya pili ni jinai: unaficha mauzo, unatengeneza vitabu viwili, kimoja cha kuonyesha na kimoja cha mtoto kurithi. Kwa Kiswahili ya kwanza tunaiita kuepuka kodi, ya pili kukwepa kodi. Sasa nenda dukani Kariakoo, muuzaji anakwambia bila risiti bei hii, ukitaka risiti ya EFD bei ile. Hapo hakuna anayeepuka. Wote wawili mnakwepa, na wewe mteja umo.

"Evade" wenye Kilatini chao wanasema ni kutoka nje, kuponyoka. Ina harufu ya ujanja. Mtu ana-"evade" swali, ana-"evade" polisi. Kijana ungeandika "I evaded the meeting" ungekuwa umekiri kosa kwa maandishi, tena na saini chini. Kwa hiyo shukuru programu ilikupa "eschew". Ilikufanya uonekane mwenye majivuno tu, siyo mtoro.

#13 Mama Wawili wa Mbagala

Naombeni nami niseme, ingawa Kiingereza changu ni cha kuuzia maandazi kwa wageni.

Mnasema kwepa, epuka, jiepusha, mnataja Kilatini na Kiarabu, hakuna aliyetaja epua. Mimi nauza chakula. Wali ukikaribia kukauka, naepua sufuria. Nisipoepua unashika ukoko, wateja wa saa sita wananinunia. Epua, epuka, epusha, epukana, jiepusha, mnasikia zinavyofuatana? Kwangu mimi yote yanaanzia jikoni. Kuna moto, kuna kitu kiko juu ya moto, na kuna mkono wa kukitoa. Sufuria haijiepui. Binadamu ndiye anayeweza kuwa sufuria na akawa mkono.

Ndiyo maana ukisema "ameepuka ajali" inawezekana kabisa ni bahati tu, gari limempita kwa kidole. Lakini ukisema "amejiepusha na pombe", hapo hakuna bahati, mkono ni wake. Hiyo "ji" ndiyo imebeba kila kitu. Kama mwalimu anasema neno lenyewe yote ni nia, basi siyo kuepuka, ni kujiepusha. Mleta uzi ulikuwa sahihi kuona "kuepuka" halijakaa.

#14 Chaki na Ubao

Mama Wawili, miaka yote niliyosimama ubaoni sikuwahi kulieleza hili vizuri hivyo. Sufuria haijiepui. Nalichukua.

#15 Nipo Kwenye Kiti

Nimesogeza kiti mbele.

#16 Mzee wa Magomeni

Vijana, mmempita yule bosi. Alisema mwiko, na nadhani alilichagua neno kwa makusudi, kama kweli ni mtu mzima mnavyosema. Sisi wa rika hilo tukisikia mwiko hatufikirii ugali, tunafikiria Azimio la Arusha, Februari 1967. Mle kulikuwa na miiko ya viongozi. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Baba yangu alikuwa mtu mdogo tu serikalini na alikuwa na chumba na sebule hapa hapa Magomeni alivyovipangisha. Akamwambia mpangaji ahame, akakaa na hivyo vyumba vitupu mwaka mzima kabla mjomba hajahamia bure. Mama alimnunia mwaka huo huo mzima.

Na mwaka mmoja kabla ya hapo, 1966, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshajikata mshahara wake asilimia ishirini, na wakubwa wenzake nao wakakatwa.

Huko ndiko kujiwekea mwiko. Kitu kipo, kinapatikana, kina utamu wake, na wewe unakiacha. Halafu Zanzibar 1991 masharti yale yakalegezwa, na nyumba za kupangisha mnaziona wenyewe. Kama mnatafuta Kiswahili cha hilo neno lenu, bosi alishalitaja siku ile ile.

#17 Daftari la Hesabu

Mzee wangu shikamoo. Nakubali nusu. Mwiko mwingi mtu hauchagui. Kwetu bibi alimkataza dada yangu mjamzito kula mayai. Dada hakuchagua, aliogopa bibi. Hata hiyo miiko ya Azimio ilitoka juu, kiongozi asiyeitaka angeng'oka. "Eschew" kwa alivyoeleza mwalimu haina bibi wala chama nyuma yake.

#18 Mzee wa Magomeni

Marahaba. Ndiyo maana nimesema kujiwekea, sikusema kuwekewa. Soma polepole. Baba yangu hakuna aliyekuja kukagua vile vyumba.

#19 Mama Wawili wa Mbagala

Ile "ji" tena. Nimekaa kimya.

#20 Daftari la Hesabu

Nimesoma tena. Mzee umenishika.

#21 Sauti ya Tatu

Nyie wazee mna raha. Sisi kitaa tuna maneno yetu na kila moja lina mtu wake.

Kukacha ni kipindi, ahadi, demu wa zamani. Umekacha, yaani ulitakiwa uwepo na ukajua unatakiwa. Kuchunia ni kwa mtu: anakusalimia, unamsikia, unatazama simu. Kula kona ni ghafla, umemuona anayekudai anakuja na wewe umeshaingia uchochoroni. Kuingia mitini ni kupotea kabisa, hadi namba ya simu umebadilisha. Kutega ni kazini tu, upo lakini haupo, umeshika fagio nusu saa. Kupiga chenga ni pale anayekudai kakufikia na bado umempita.

Kususa ni kukataa ili uonekane umekataa. Mtoto anasusa wali kwa sababu kaka kapewa paja. Jibu lake mnalijua: we susa, wenzio twala. Watu wakisusa kwa pamoja inakuwa kususia, kama kususia duka au kususia uchaguzi.

Sasa mniambie, hapo "eschew" iko wapi? Mimi naona haipo. Kitaa hatuachi kitu kimya kimya kwa heshima. Tukiacha lazima mtu ajue.

#22 Chaki na Ubao

Sauti ya Tatu, umetupa kamusi nzima na hujalipwa. Kutega ndiyo "shirk" yao, kabisa, hata fagio lipo. Kususia ndiyo "boycott", na hilo kwa Kiingereza ni jina la mtu: Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya tajiri huko Ayalandi. Mwaka 1880 wapangaji wa ardhi waligoma kumfanyia kazi, majirani wakaacha kuzungumza naye, dukani hauziwi. Jina lake likawa kitenzi akiwa bado hai. Fikiria unasikia watu wanakutumia kama kitenzi.

Nilipokuwa kazini niliulizwa mara nyingi haya yametoka wapi, kwa hiyo kwa ufupi. "Eschew" limepitia Kifaransa cha kale lakini asili yake ni Kijerumani cha zamani zaidi, ni ndugu na "shy", yaani mwenye haya. "Shun" ni la Waingereza wenyewe tangu kale, na lina ukali, unaweza kum-"shun" mtu kijiji kizima. "Avoid" mwanzoni ilikuwa kumwaga, kuacha tupu, ndiyo maana mnaona "void" ndani yake. "Abstain" ni kujishika usikiguse, inafaa funga na kura. "Forgo" ni kujinyima, kuna kitu ulikuwa na haki nacho ukakiachia.

Mnaona lakini? Programu ya simu imeyapanga yote haya kwenye mstari mmoja kama soda za kreti moja.

#23 Mhariri wa Usiku

Nimechelewa, nilikuwa nafunga ukurasa. Nasahihisha Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya kula, kwa hiyo naomba niwe mchungu kidogo.

Mjadala ni mtamu, lakini kosa la kijana siyo kwamba hakujua maana. Ni kwamba aliona aibu ya neno dogo. Kila wiki napokea maandishi ya watu wazima, wenye vyeo, ambao hawataki kuandika "use" wanaandika "utilise", hawataki "start" wanaandika "commence". Kwenye Kiswahili ni hivyo hivyo: hakuna anayefanya kitu tena, kila mtu "anatekeleza zoezi la" kufanya kitu. Zoezi la kufagia. Zoezi la kula chakula cha mchana.

Waingereza na Wamarekani wanaosahihisha wenzao wana utani wa zamani: "Eschew obfuscation." Maana yake jiepushe na kuandika kwa kufichaficha, na utani wenyewe ni kwamba maneno yote mawili yamefichwa kiasi kwamba anayeyahitaji hatayaelewa. Mark Twain mwaka 1895, akimsema mwandishi mwenzake, aliorodhesha kanuni za uandishi na mojawapo ilikuwa "Eschew surplusage", yaani jiepushe na maneno ya ziada. Yeye alijua anachofanya, alikuwa anachekesha kwa neno zito. Ukilitumia kwa uzito wa kweli, lazima jambo lenyewe liwe na uzito. Mtu aliyeacha sukari, mtu aliyekataa cheo.

"I missed the meeting. Jangwani was flooded." Sentensi mbili, bosi anasoma akiwa amesimama.

#24 Mtu wa Tandika

Mhariri, comment yako ina maneno mengi kwa mtu anayetetea ufupi.

#25 Mhariri wa Usiku

Ningekuwa nalipwa kukata ningeikata.

#26 Bin Ilala

Simtetei kijana, lakini Mhariri, si haki kusema ni aibu ya neno dogo tu. Ukikulia shule ambayo ukiongea Kiswahili uwanjani unavalishwa kibao shingoni, unajifunza kwamba Kiingereza ni cha kujilinda nacho. Unachukua neno zito kama mtu anavyochukua fimbo usiku. Siyo majivuno, ni woga.

#27 Kijana wa Kimara

Bin Ilala umenigusa. Kile kibao nimekivaa, kilikuwa cha mbao, kamba yake ya katani. Aliyekivaa alikitoa kwa kumnasa mwingine. Mpaka leo nikiandika kwa Kiingereza nahisi kuna mtu nyuma yangu anasikiliza.

Lakini na Mhariri kasema kweli. Yote mawili.

#28 Mwanakwaya

Cha kwetu kilikuwa fupa. La ng'ombe.

#29 Mama Wawili wa Mbagala

Poleni wanangu.

#30 Kijana wa Kimara

Wakuu narudi na mrejesho, imepita wiki.

Jana tulikuwa na kikao tena na safari hii niliwahi, nilitoka Kimara saa kumi na moja na robo. Chai ikaletwa na vitumbua. Nikampelekea bosi kikombe, nikamsogezea na bakuli la sukari. Akalirudisha kwa kidole kimoja, hivi, taratibu, bila kulitazama. Nikamuuliza, mama daktari kakukataza? Akasema hapana, sukari yangu iko sawa. Marehemu mume wake alikatazwa, na yeye akaona haiwezekani mmoja akoroge na mwingine amtazame. Wakaacha wote wawili. Mume ameshafariki miaka sita, na bado hajairudia.

Nikakaa nayo ile mpaka kikao kinaisha. Wakati tunakusanya makaratasi nikamwambia, mama, nadhani sasa nimelielewa lile neno. Akaniuliza lipi. Nikaelekeza kidole kwenye bakuli.

Hakucheka safari hii. Akasema, "Ehe. Hilo."

#31 Chaki na Ubao

Umefaulu. Hakuna swali la pili.

#32 Daftari la Hesabu

Mimi bado nina swali. Mwanzo alianza kwa ajili ya mume, siyo kwa msimamo wake. Hiyo siyo "forgo"? Alijinyima.

#33 Mzee wa Magomeni

Ilikuwa "forgo" mume akiwa hai.

#34 Daftari la Hesabu

Sawa mzee.

#35 Nipo Kwenye Kiti

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Kuna aliyepita Jangwani sasa hivi? Huku Mbezi limeshaanza kunyesha na mimi kesho nina kikao saa mbili.

#36 Mtu wa Tandika

Panda boda.